Kioo cha Mbele cha Boti Kinapoziba kwa Mvua na Ukungu: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kufuta

Ukungu mzito wa baharini, ule unaofunga bandari za nchi baridi kutwa nzima, ni nadra sana Mombasa. Ukungu wa namna hiyo huzaliwa pale hewa yenye joto na unyevu inapopita juu ya maji baridi, na maji yetu hayafikii ubaridi huo: hata mwezi wa Agosti, kusi inapovuma kwa nguvu, bahari hubaki karibu na nyuzijoto 25 za selsiasi, na ifikapo Machi hupanda hadi karibu nyuzijoto 29. Kwa hiyo kinachomziba macho nahodha anayetoka Mtwapa alfajiri, au anayekatiza Mlango wa Kilindini katika mvua ya Mei, mara nyingi kiko kwenye kioo chenyewe. Huenda ni umande, au chumvi, au mafuta, au raba ya waipa iliyokwisha, na kila kimoja kina dawa yake ambayo haikifai kingine. Anayefuta kabla ya kujua anafuta nini huishia kulisambaza tatizo kioo kizima.

Kuanza kwa kidole

Kabla ya kushika tambara, pitisha kidole kikavu upande wa ndani wa kioo, mahali macho yako yanapotazamia. Kidole kikiacha njia iliyo wazi na ncha yake ikalowa, umande uko ndani. Kikiacha njia lakini kikabaki kikavu na chenye utelezi, huo ni utando wa mafuta au wa moshi. Kisipobadilisha chochote, mwombe baharia apitishe chake upande wa nje, naye akikigusisha ulimini ataijua chumvi papo hapo. Ikiwa pande zote mbili zimeguswa na weupe haujasogea, basi ugonjwa umo ndani ya kioo chenyewe, na hapo hakuna tambara wala dawa ya kupaka itakayokusaidia. Kipimo hiki hakigharimu kitu, ila wachache ndio wanaokifanya, kwa kuwa mkono wa baharia umezoea kukimbilia tambara.

Ukungu uko nje, na kiyoyozi kinafanya kazi

Hali hii huwashangaza zaidi wenye boti za uvuvi wa mchezo na boti za watalii ambazo chumba chake cha usukani kimefungwa na kuwekwa kiyoyozi. Mvua hainyeshi, bahari imetulia, lakini kioo kinaziba. Waipa ikipita mara moja pote huwa wazi, na baada ya dakika chache pamefunga tena. Nahodha hudhani kiyoyozi hakina nguvu ya kutosha, anakiongeza, na kioo kinazidi kuwa cheupe.

Ukweli ni kwamba kiyoyozi ndicho chanzo. Hewa ya nyuzijoto 28 yenye unyevu wa asilimia 85, ambayo ni hewa ya kawaida ya usiku wa masika katika pwani yetu, huanza kuacha maji juu ya kitu chochote kilichopoa chini ya takriban nyuzijoto 25. Kiyoyozi kilichowekwa nyuzijoto 19, hasa matundu yake yakielekezwa juu kwenye kioo, hukipoza kioo hicho kupita kiwango hicho, na umande wa nje hujishika juu yake kama unavyojishika kwenye chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Desturi ya kupuliza hewa kwenye kioo tumeirithi kutoka kwenye magari, na ni desturi sahihi kwa gari lililo Limuru asubuhi ya Julai, ambako baridi iko nje na joto liko ndani. Mombasa mambo yamepinduka.

Geuza matundu ya kiyoyozi yaelekee miguuni au migongoni mwa watu, kisha pandisha kiwango hadi nyuzijoto 25 au 26. Ukitaka kuhakikisha kuwa umepata chanzo, zima kiyoyozi kabisa na ufungue madirisha ya pembeni. Kioo kikianza kujisafisha chenyewe kutoka kingoni kuelekea katikati, bila kuguswa, shaka imekwisha. Kuendelea kuikimbiza waipa kwenye umande wa namna hii ni kuitesa raba bure, kwa sababu umande ni maji machache mno kuilainishia njia, na raba inayosuguana na kioo kisicho na maji ya kutosha huchakaa upesi.

Ukungu uko ndani, na ulianza mvua iliponyesha

Hapa kioo kimepozwa na mvua kutoka nje, huku ndani kukiwa na watu wanaopumua, makoti ya kuokolea yaliyolowa, zulia lenye maji na pengine maji yaliyotuama chini ya sakafu. Tazama ukungu unapoanzia. Ukianzia pembe za chini za kioo, chanzo kiko karibu na sakafu: inua mbao za sakafu, pampu maji yaliyotuama, toa zulia likaanikwe. Ukianzia juu na katikati, mbele ya abiria, ni pumzi za watu, na hakuna cha kufanya isipokuwa kuitembeza hewa.

Hewa hutembea ikiwa ina mahali pa kuingia na mahali pa kutokea. Kufungua mlango wa nyuma peke yake hakutoshi, na kuna hatari ambayo haisemwi vya kutosha: boti iliyofungwa mbele na kuachwa wazi nyuma huvuta moshi wa mashine uingie chumbani wakati inakwenda, na ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu ambayo huua. Fungua kwanza mwanya wa mbele, hata uwe wa upana wa vidole viwili, ndipo uachie wa nyuma. Feni ndogo ya umeme wa betri inayopuliza sambamba na uso wa kioo husaidia sana, na kwa maoni yangu ndicho kifaa chenye faida kubwa kuliko bei yake katika chumba cha usukani. Katika boti yenye kiyoyozi, kinaweza kutumika kukausha hewa ya ndani, mradi kisielekezwe kwenye kioo kwa sababu zilizotajwa.

Penye abiria wengi na mvua ya mfululizo, umande utarudi hata hewa ikitembea, na hapo dawa ya kupaka ina kazi. Si lazima iwe ya dukani. Osha kioo kwa sabuni, suuza, kausha. Kisha chukua kitambaa chenye unyevu, tia tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo au la shampuu, pakaa kioo kizima, na umalizie kwa kitambaa kikavu hadi kioo kionekane kana kwamba hakikupakwa chochote. Sabuni haizuii umande kuja. Inayafanya maji yatandazike kuwa utando mmoja mwembamba unaopitisha mwanga, badala ya kujikunja kuwa vitone maelfu vinavyoutawanya. Wapiga mbizi wa Shimoni na Wasini hutemea mate miwani yao kabla ya kuzama kwa sababu hiyohiyo. Upakaji huu hudumu kwa saa kadhaa, si kwa msimu, na ukipakwa juu ya utando wa mafuta hautashika hata kidogo.

Utando huo wa mafuta, ule ambao kidole kiliuhisi kikavu na chenye utelezi, hutoka kwenye plastiki ya dashibodi inayochemka juani, kwenye moshi wa sigara, kwenye jiko la kukaangia, au kwenye mvuke wa dizeli. Sabuni na maji ya uvuguvugu huuondoa. Ukirudi ndani ya siku chache na una harufu ya dizeli, achana na kioo ukakague mipira na viungo vya mafuta, kwa maana kuna mahali panavuja.

Kioo ni safi mchana lakini hupakaa alfajiri

Malalamiko haya ndiyo mengi kuliko yote, na hueleweka vibaya kuliko yote. Nahodha amefunga boti jioni, kioo kinaonekana kina vumbi kidogo tu. Alfajiri anapowasha mashine, kioo kizima kina utando wa maziwamaziwa, na waipa ikipita inaupaka kama mtu anayepaka samli kwenye chapati.

Lita moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi, na kusi inaporusha mawimbi juu ya omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, rasharasha hiyo hukauka juu ya kioo na kuacha chumvi yote nyuma. Chumvi hiyo haikai kimya. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani na kugeuka kuwa majimaji mara unyevu unapozidi asilimia 75, na usiku wa Mombasa unyevu hupita kiwango hicho mara nyingi. Ndani ya chumvi ya bahari mna pia kloridi ya magnesi, ambayo hunyonya maji hata unyevu ukiwa asilimia 33, na ndiyo sababu kioo chenye chumvi hakikauki kikamilifu hata kikianikwa juani. Kilichoonekana kama vumbi saa nane mchana ni kilekile kinachokuwa utando alfajiri.

Kosa la kwanza ni kukifuta kikavu. Chembe za chumvi zenyewe ni laini kuliko kioo halisi na haziwezi kukikwaruza, lakini hazikai peke yake: zimechanganyika na mchanga, na mchanga hukwaruza kioo cha aina yoyote. Kwenye kioo cha plastiki hata chumvi yenyewe inatosha kuleta madhara. Nimewahi kumsikia nahodha mmoja mkongwe akimwambia kijana aliyekuwa akisugua kwa bidii, "Mwanangu, mwaga maji kwanza, sugua baadaye," na sina cha kuongeza kwenye maagizo hayo isipokuwa mpangilio. Mwaga maji yasiyo na chumvi kuanzia juu ya paa yateremke kioo kizima, kwa wingi, bila kugusa. Subiri kidogo chumvi iyeyuke. Mwaga tena, safari hii ukisaidia kwa sponji laini isiyotumika kwenye sitaha wala kwenye samaki. Kisha vuta maji kwa raba ya kufutia vioo, kutoka juu kwenda chini, ukiipangusa raba hiyo kila baada ya mvuto mmoja. Osha pia raba na mkono wa waipa, maana chumvi iliyobaki humo itarudi kwenye kioo mara waipa itakapowashwa.

Maji gani? Hapa pana mtego wa kwetu. Visima vingi vya kisiwani na vya ukanda wa pwani vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji yake ni magumu, mengine yana chumvichumvi. Ukisuuza kioo kwa maji hayo na kukiacha kikauke juani, utabaki na madoa meupe ya mviringo ambayo sabuni haiyagusi, na ambayo usiku hugeuza kila taa kuwa duara lenye miale. Madoa hayo ni chokaa. Changanya siki na maji kwa kipimo sawa, lowesha kitambaa, kilaze juu ya doa kwa dakika chache, suuza vizuri, na usiiachie siki itiririkie fremu za alumini na kukaa humo. Maji ya kumalizia yawe ya mvua. Mtungi wa lita 20 uliokingwa chini ya paa wakati wa masika, baada ya mvua kuliosha paa lenyewe, hutoa maji ya kusafishia kioo ambayo hayana mshindani dukani, na hayauzwi.

Boti zinazofungwa karibu na mahali panapopakuliwa shehena za wazi bandarini Kilindini, kama klinka (malighafi ya saruji) na makaa, zina nyongeza ya tatizo hili. Vumbi la klinka likikutana na umande wa usiku huanza kushikana kama saruji, ambayo ndiyo nduguye. Lisuuzwe siku hiyohiyo. Likishashikana, ni siki na subira, kamwe si kisu wala wembe kwenye kioo cha plastiki.

Waipa inatembea lakini haifuti

Chunguza alama inayoachwa, kwa kuwa kila kasoro ina mwandiko wake.

Michirizi myembamba inayojirudia mahali palepale kila waipa inapopita hutokana na mpasuko au uchafu kwenye ukingo wa raba. Inua mkono wa waipa, shika ukingo huo kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti, na uuvute kutoka mwanzo hadi mwisho. Kitambaa kitatoka cheusi. Rudia kwa sehemu safi hadi weusi upungue, kisha jaribu tena. Michirizi ikibaki, pitisha ukucha polepole kwenye ukingo, nawe utapahisi palipokatika, na hapo raba ni ya kubadilishwa.

Waipa ikifuta vizuri inapokwenda na kuacha maji inaporudi, raba imelala upande mmoja. Ukingo wa raba ambayo haijachakaa hupinduka kila waipa inapogeuza mwendo, ukiwa umeinama kuelekea inakotoka. Raba iliyokaa miezi juani ikiwa imebanwa kwenye kioo mahali pamoja hugandia katika mkao huo na haipinduki tena. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na jua la hapa haliihurumii raba. Ikunje kwa vidole viwili: raba nzima hurudi ilivyokuwa mara moja, iliyokwisha hubaki imekunjika au huonyesha nyufa ndogondogo kama udongo mkavu. Boti isiyotumika kwa wiki nzima iachwe na waipa zimeinuliwa, au zimevalishwa kipande cha mpira wa maji uliopasuliwa katikati, ambacho kila fundi anacho.

Waipa ikirukaruka na kutoa mlio, shuku mambo matatu kwa mfuatano huu: kwanza kioo kina nta au dawa ya kufukuza maji iliyopakwa nene, pili raba imekuwa ngumu, tatu mkono umepinda na raba haisimami wima juu ya kioo. La tatu hupimwa kwa macho. Zima waipa ikiwa katikati ya kioo, kisha itazame kutoka ubavuni. Ikiwa raba imeegemea upande mmoja wakati imesimama, unaweza kuusokota mkono kidogo kwa spana hadi usimame sawa, ila kwa uangalifu, kwa sababu mikono mingi ya chuma cha pua hukubali kusokotwa lakini ile ya alumini hukatika.

Ukiona ukanda mpana usiofutwa kabisa, hasa katikati au mwishoni mwa waipa, tatizo ni mgandamizo. Springi iliyo kwenye kiwiko cha mkono imeshikwa na chumvi, au imelegea. Osha kiwiko kwa maji yasiyo na chumvi, kikunje na kukikunjua mara nyingi, kisha tia mafuta kidogo kwenye pini. Usipulizie dawa ya silikoni ukiwa mbele ya kioo, maana kitakachoangukia kioo kitakupa kazi ya siku mbili kukiondoa.

Raba za waipa za magari zinaingia kwenye boti nyingi ndogo na zinauzwa kila kona ya mji, nami sioni ubaya kuzitumia, ila zichaguliwe zile ambazo mwili wake ni wa plastiki mtupu. Zenye vyuma vya kawaida huanza kutoa kutu baada ya muda mfupi, na kutu hiyo hutiririka kwenye kioo ikifuatana na maji.

Waipa haisogei kabisa

Usiisukume kwa mkono. Giya za ndani ya mota ni ndogo na husagika kirahisi, na hapo tatizo la waya la bei ndogo limegeuka kuwa la mota. Washa swichi na usikilize. Mota ikinguruma bila kusogeza mkono, ama mkono umegandamana na ekseli yake, ama umelegea na ekseli inazunguka peke yake. Mkono wa alumini uliofungwa juu ya ekseli ya chuma cha pua hulika mahali vyuma hivyo viwili vinapokutana, kwa kuwa maji ya chumvi yaliyo kati yao hugeuza makutano hayo kuwa betri ndogo. Ukiufungua, usiurudishe bila grisi.

Ikiwa kuna kimya kitupu, angalia fyuzi, kisha waya wa ardhi, kisha ndipo swichi. Ikiwa waipa inatembea lakini kwa uchovu, na huchoka zaidi mvua inapopungua na kioo kuanza kukauka, pima umeme kwenye ncha za mota wakati inafanya kazi, si wakati imezimwa. Betri ikionyesha volti 12.6 na motani zinafika 10.5, volti zilizopotea zimepotelea njiani: kwenye waya mwembamba uliovutwa kutoka tezi, yaani nyuma ya boti, hadi omo, au kwenye kiungo kilichoota ukungu wa kijani. Kata kiungo hicho hadi ukutane na shaba inayong'aa, ukiunge upya na kukifunika kwa mpira unaosinyaa kwa moto. Kukifunga kwa utepe mweusi peke yake ni kukiahirisha hadi msimu ujao.

Matone yamesimama na taa zinatawanyika

Dawa za kufukuza maji, zile zinazoyafanya maji yajikusanye kuwa matone na kuteleza, zimevuma sana, na wauzaji huzisifu kwa chombo chochote. Ukweli ni kwamba tone halifukuzwi na dawa. Dawa hulilegeza tu, na kinacholiondoa ni upepo wa mwendo. Boti ya kasi inayokwenda noti 25 inasafiri kilomita 46 kwa saa, na upepo huo, ukichangiwa na unaovuma baharini, huanza kuyasukuma matone juu ya kioo kilicholala. Boti ya abiria inayokwenda noti 8 haifiki hata kilomita 15 kwa saa, na kioo chake aghalabu kimesimama wima. Hapo matone hubaki yametulia, kila moja likiwa lenzi ndogo, na usiku taa za Likoni, za kreni na za maboya huvunjika vipande ndani yake kiasi kwamba huwezi kutofautisha taa ya ubavuni mwa chombo na taa ya duka lililo ng'ambo.

Kwa boti ya mwendo mdogo, rai yangu ni kuachana na dawa hizo kabisa. Kioo kilichosafishwa hadi maji yanatandaa juu yake na kuteremka kama karatasi moja huonyesha vizuri zaidi, na waipa hutembea juu yake bila kurukaruka. Kama dawa imekwisha kupakwa, itaondoka kwa sabuni ya kuondoa mafuta na kusuguliwa kwa uvumilivu. Mwenye boti ya kasi aendelee nayo, ila asome kwanza kama inaruhusiwa kwenye aina ya kioo alicho nacho.

Weupe usiotoka

Boti nyingi ndogo hazina kioo halisi mbele. Zina akriliki, au polikaboneti, au pazia la plastiki laini la kukunja. Gonga kwa ukucha: kioo halisi hulia kwa sauti kali, plastiki hutoa sauti nzito. Spiriti huitia akriliki nyufa nyembamba kama utando wa buibui, na sabuni za vioo zenye amonia huharibu akriliki na polikaboneti zote mbili. Nyufa hizo hazisafishwi. Mikwaruzo midogo inaweza kupunguzwa kwa dawa ya kung'arishia plastiki, lakini polikaboneti iliyogeuka njano kwa jua ni ya kubadilishwa. Pazia laini likunjwe likiwa limesuuzwa na kukauka, na lizungushwe kama mkeka badala ya kukunjwa kwa mikunjo mikali, vinginevyo kila mkunjo utakuwa mstari mweupe wa kudumu.

Kioo halisi cha tabaka mbili zilizogandishwa kikianza kuwa na weupe kutoka ukingoni, maji yameingia kati ya tabaka. Weupe huo utaendelea kutambaa mwaka hadi mwaka. Ziba ukingo ili usiongezeke, na uanze kuweka akiba ya kioo kipya.

Kioo ni safi lakini macho hayaoni

Ikiwa ni usiku, zima taa za chumbani moja moja ukitazama nje. Mara nyingi mhalifu ni skrini ya jipiesi iliyoachwa na mwanga wa mchana, au taa ya nyuma inayoakisiwa na kioo. Punguza mwanga wa skrini hadi kiwango cha chini unachoweza kukisoma, na kama chumba kinahitaji taa, iwe nyekundu na hafifu.

Pameziba ukiwa njiani

Mvua ya masika huweza kushuka kama ukuta, na hapo hata kioo safi chenye waipa nzima hakitoshi. Punguza mwendo kabla ya jambo jingine lolote, halafu fungua dirisha la ubavuni utoe kichwa, au umweke baharia omo atazame na kusikiliza, kwa kuwa Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 zinataka chombo kilindwe kwa macho na kwa masikio pia. Katika Mlango wa Kilindini usisimame katikati ya njia ya meli wala njia ya vivuko vya Likoni. Sogea pembeni, penye maji yanayokutosha wewe lakini hayazitoshi meli, na chombo chochote chenye urefu usiofika mita 20 hakipaswi kuizuia meli isiyoweza kupita kwingine. Chombo cha mashine kinachosogea hupiga honi moja ndefu, ya sekunde nne hadi sita, kwa vipindi visivyozidi dakika mbili. Kikisimama bila kusogea hupiga mbili ndefu zilizoachana kwa takriban sekunde mbili. Boti iliyo chini ya mita 12 hailazimiki kufuata milio hiyo, lakini ni lazima itoe sauti nyingine ya kusikika vizuri kwa vipindi hivyohivyo, hata kama ni ya kugonga sufuria.

Mvua ikikatika na ukafika gatini, kioo kitaonekana kimeoshwa na mawingu yenyewe. Huenda ni kweli kwa upande wa juu. Sehemu ya chini, inayopigwa na rasharasha kutoka omo, bado ina chumvi, nayo imwagiwe maji kabla ya kufunga kamba ya mwisho.